Kelele katika sauti ya stereo ya televisheni: yanayosemwa na yaliyo kweli

BTSC ni mfumo uliopitishwa Marekani mwaka 1984 ili televisheni za analogi za NTSC (mfumo wa televisheni wa Marekani) zitangaze kwa stereo. Siku hizi wanaoutengenezea enkoda (kifaa kinachoandaa sauti kabla ya kurushwa) na dikoda (kinachoirudisha upande wa kupokea) wengi hufanya hivyo kwa programu, na hapo ndipo dhana kadhaa zinapowapotosha hata mafundi wazuri.

"Kichujio cha kidijitali huondoa kelele na kubakiza sauti"

Hakiwezi. Ile "shhh" inakaa katika masafa yaleyale ya muziki na maneno. Ukikata kila kilicho juu ya 8 kHz, umekata pia matoazi na ncha ya herufi "s" kinywani mwa msomaji wa habari.

Kinachopunguza kelele katika BTSC ni ubanaji wa dbx, mbinu ya kupunguza kelele iliyopewa jina la kampuni iliyoibuni. Kabla ya kurushwa hewani, njia ya tofauti (kushoto kutoa kulia) hubanwa ili sauti ndogo zipande juu ya kelele za njiani. Dikoda huipanua kinyume chake, na kelele hushuka pamoja nayo. Njia ya jumla (kushoto kujumlisha kulia) haibanwi, kwa sababu televisheni za mono lazima ziisome bila kifaa cha ziada. Nayo haihitaji sana msaada huo: iko chini ya 15 kHz, ilhali njia ya tofauti hubebwa kwenye 31.468 kHz, na kelele za FM huongezeka kadiri masafa yanavyopanda. Ndiyo maana mawimbi yakiwa dhaifu, ukibonyeza mono "shhh" hupungua papo hapo.

Kwa hiyo kazi ya vichujio hapa ni kulinganisha: dikoda irudishe hasa kile enkoda ilichobadilisha, na njia mbili zifike zikiwa sawa kwa kiwango na kwa fezi (mpangilio wa mawimbi kwa wakati).

"Chukua saketi ya analogi, ipitishe kwenye fomula ya bilinia, umemaliza"

Hili ndilo kosa linaloharibu dikoda nyingi za programu. Fomula hiyo, inayogeuza kichujio cha analogi kuwa cha kidijitali, hukunja masafa (huyasogeza kutoka mahali pake) kadiri unavyokaribia nusu ya kasi ya sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde). Chukua kichujio rahisi kuliko vyote, kile cha mikrosekunde 75 cha njia ya jumla, yaani kishushi cha sauti nyembamba zilizoinuliwa kabla ya kurushwa. Cha analogi hupunguza desibeli 17.1 kwenye 15 kHz. Kikigeuzwa hivihivi kwa sampuli 48 kHz, hupunguza desibeli 20.7. Kwenye 10 kHz kosa ni kama desibeli 1.3, kwenye 5 kHz ni 0.3 tu, kwa hiyo anayepima kwa toni ya 1 kHz peke yake ataridhika na kifaa kibovu.

Njia ya tofauti ina kichujio chake tofauti kabisa, chenye kona (masafa ambapo mkunjo wake hubadilika) za 408 Hz, 2.19 kHz, 5.23 kHz na 62.5 kHz. Hiyo ya mwisho iko mbali nje ya nusu ya 48 kHz. Makosa ya vichujio viwili hivi hayafanani, basi hayafutani.

Dawa rahisi ni kuchuja kwa sampuli 192 kHz: kosa la kichujio cha mikrosekunde 75 kwenye 15 kHz hushuka hadi takriban desibeli 0.2. Kama kichakataji hakina nguvu hiyo, ongeza kichujio cha kusahihisha, ukikagua kiwango na fezi vyote viwili.

"Desibeli moja haisikiki"

Katika sauti ya mono, pengine. Katika stereo, tofauti ya desibeli 1 kati ya njia hizi mbili hushusha utengano wa kushoto na kulia hadi kama desibeli 25. Tena kipanuzi kikuu hufanya kazi kwa uwiano wa 2 kwa 1: kosa la desibeli 1 mlangoni mwa dikoda hutoka likiwa 2, na utengano unabaki desibeli 19 hivi. Fezi nayo ina gharama yake. Nyuzi 5 tu hukuachia desibeli 27.

Basi anza na mchepuko wa masafa, yaani umbali ambao sauti husogeza wimbi bebaji (wimbi linalobeba sauti). Zima kiinuzi cha mikrosekunde 75 (kinachoinua sauti nyembamba kabla ya kurushwa), ingiza toni ya 10.396 kHz kwenye njia ya jumla, kisha ongeza kiwango polepole ukitazama kichanganuzi cha masafa. Mstari wa wimbi bebaji unapopotea mara ya kwanza, mchepuko ni 25 kHz kamili. Baada ya hapo ndipo urekebishe njia ya tofauti, kwa toni za kushoto peke yake kwenye masafa kadhaa.

"Biti 16 zinatosha kwa hesabu"

Vipima-kiwango vya dbx, vinavyoamua kiasi cha kubana na kupanua, vina muda wa milisekunde 34.7 na 11.4. Kwa sampuli 48 kHz, kizidishi cha kile cha kwanza (namba inayozidishwa na kila sampuli mpya) ni takriban 0.0006. Kizidishe na mraba wa sauti ndogo katika biti 16, jibu ni sifuri. Kipanuzi kinakwama na sauti za mwishomwisho zinakatika ghafla. Tumia namba za desimali elea, ambazo nukta yake huhama ili zibebe hata thamani ndogo sana. Na ukibadilisha kasi ya sampuli, kokotoa vizidishi upya.

"Kishushi cha mikrosekunde 75 kiwekwe mwanzoni kabisa"

Hapana. Ukikiweka kabla ya kutenganisha njia, 31.468 kHz inapungua kwa desibeli 23 na stereo imekwisha. Ni cha njia ya jumla pekee, baada ya kutenganisha.

"Mngurumo ni kelele ileile, ila nzito"

Mngurumo unaobadilika na picha, hasa maandishi meupe yanapotokea, una chanzo kingine. Njia ya tofauti inabebwa kwenye mara mbili ya masafa ya mistari ya picha, hivyo mabaki ya picha yanayoangukia hapo hutua katikati ya sauti, yakifuata mdundo wa 59.94 Hz wa kuchorwa kwa picha. Kuchuja vilele vya mngurumo huo kimoja kimoja hubakiza sauti yenye mashimo. Rekebisha upande wa kurushia: wimbi bebaji la picha lisishuke chini ya asilimia 12.5 kwenye nyeupe, na maandishi yasizidi kiwango hicho cha nyeupe.