Je, wajua? Klabu ya ridhaa ilipataje uwanja mkubwa kuliko vyote duniani

Tarehe 17 Aprili 1937 watu 149,415 waliingia Hampden Park, Glasgow, kuitazama Uskoti ikiifunga England 3-1. Kupima wingi huo, chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke wenye viti 60,000, ujaze mara mbili, na bado watu zaidi ya 29,000 watabaki getini. Hampden ulishika nafasi ya kwanza duniani kwa ukubwa tangu 1903 hadi Maracanã ulipofunguliwa Rio de Janeiro mwaka 1950. Mwenye nao hakuwa serikali, wala chama cha soka, wala Celtic au Rangers, klabu kubwa za Glasgow. Ulikuwa mali ya Queen's Park, klabu ya ridhaa ambayo mchezaji wake hakulipwa mshahara wala bonasi ya ushindi.

Jibu liko kwenye hesabu ya mlangoni. Klabu nyingine zilikusanya viingilio zikawalipa wachezaji. Queen's Park ilikusanya viingilio ikanunua udongo, na baadaye udongo huo ukaanza kuilipa kodi.

Klabu ilianzishwa jioni ya tarehe 9 Julai 1867 katika nyumba namba 3 Eglinton Terrace, kusini mwa Glasgow. Waanzilishi walikuwa vijana waliozoea kucheza kwenye bustani ya umma iitwayo Queen's Park, na jina hilo lilipita kwa kura moja tu ya ziada. Shida yao ya kwanza ilikuwa kukosa wa kucheza naye. Walingoja hadi Agosti 1868 ndipo wakakutana na timu ya Thistle, watu 20 kwa 20. Walipokosa mpinzani waligawana wenyewe kwa wenyewe, kama wanavyofanya vijana wa mchangani popote.

Kule kucheza wenyewe kwa wenyewe kulizaa jambo ambalo dunia nzima inalitumia leo. Kanuni za London za wakati ule zilidai mchezaji awe na wapinzani 3 kati yake na mstari wa goli, la sivyo ameotea. Queen's Park walijiwekea kanuni yao: umeotea pale tu unapokuwa umempita mpinzani wa pili kutoka mwisho, na wakati huohuo uko ndani ya yadi 15 za mwisho. Kwa kanuni ya London, kumwacha mwenzako mbele na kumpa mpira ni kujitia hasarani, hivyo mtu alikimbia na mpira peke yake akipiga chenga, na wenzake wakimfuata nyuma waokote ukimponyoka. Kwa kanuni ya Glasgow, pasi ya mbele ilikuwa na faida. Hapo ndipo soka ya pasi ilipopata nafasi ya kukua.

Tarehe 30 Novemba 1872 mitindo hiyo miwili ilikutana katika mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa rasmi, Uskoti dhidi ya England. Wachezaji wote 11 wa Uskoti walitoka Queen's Park. Nahodha wao, kipa Robert Gardner, ndiye aliyepanga kikosi. England walikuwa wazito zaidi kwa mwili na waliweka washambuliaji wengi mno kwa macho ya leo. Juu ya goli hapakuwa na mwamba bali utepe uliofungwa nguzo hadi nguzo. Matokeo 0-0. Hata rangi ya buluu nzito ya jezi ya Uskoti inatoka hapo, kwani ndiyo jezi ya klabu iliyokuwapo. Mwaka uliofuata klabu ikahamia mistari myeusi na myeupe, ndiyo maana wanaitwa Buibui.

Jambo lenye uzito zaidi kwa habari yetu ni mahali mechi ilipochezwa. Ilikuwa kwenye uwanja wa kriketi wa kukodi huko Partick, kiingilio shilingi 1 ya Uingereza, na watu wapatao 4,000 walilipa. Miezi michache kabla, Queen's Park walikuwa wamefika nusu fainali ya Kombe la FA la kwanza kabisa, lile la England. Walitoka sare na klabu ya Wanderers jijini London, wakajitoa kwa sababu hawakuwa na nauli wala gharama za kukaa hadi mechi ya marudiano. Wanderers wakatwaa kombe, na sehemu ya bei yake ilikuwa gini 1 (shilingi 21 za Uingereza) iliyochangwa na Queen's Park wenyewe! Klabu inayochezea bustani ya umma haiwezi kutoza kiingilio, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kupita. Ukitaka mapato sharti uwe na uzio na mlango.

Uzio ulipatikana Oktoba 1873, Hampden ya kwanza, baada ya klabu hiyo kuongoza uundaji wa Chama cha Soka cha Uskoti mwezi Machi. Baada ya miaka 10 reli ikapangwa kupita hapo, klabu ikahama. Hampden ya pili ilifunguliwa 1884, nayo ilikuwa ya kukodi. Katika miaka hiyo Queen's Park ilikuwa timu ya kuogopwa: makombe 10 ya Uskoti kati ya 1874 na 1893, na fainali mbili mfululizo za Kombe la FA la England, 1884 na 1885, zote ikafungwa na Blackburn Rovers. Katika kikosi chake alikuwamo beki Andrew Watson, mzaliwa wa Demerara katika Guyana ya leo, aliyekuwa pia katibu wa klabu. Mwaka 1881 aliiongoza Uskoti kama nahodha kuichapa England 6-1 huko London. Ndiye mchezaji mweusi wa kwanza anayejulikana kuichezea timu ya taifa.

Malipo ya wachezaji yaliruhusiwa England mwaka 1885 na Uskoti mwaka 1893. Ligi ya Uskoti ilipoanzishwa 1890, Queen's Park walikataa kuingia wakiona wazi kwamba ligi italeta mishahara. Waliona sawasawa, ila kukaa nje kuliwaumiza, wakaingia mwaka 1900 bila kuacha ridhaa yao. Kaulimbiu ilibaki ileile ya Kilatini, Ludere causa ludendi, kucheza kwa ajili ya kucheza. Kombe la Uskoti la 1893 ndilo lao la mwisho mpaka leo.

Hampden ya tatu, hii iliyopo, ilijengwa kwenye ardhi ya klabu yenyewe huko Mount Florida, na mhandisi Archibald Leitch alihusika. Tarehe 5 Aprili 1902 jukwaa la mbao lililobebwa na fremu za chuma uwanjani Ibrox kwa Rangers, nalo kazi ya Leitch, lilivunjika katikati ya mechi ya Uskoti na England. Mbao zilikatika chini ya miguu ya watu waliosimama wakibanana, wakadondokea chini. 25 walikufa na mamia wakaumia. Kwenye jukwaa la namna ile watu husimama juu ya mbao zenye uwazi chini yake, kwa hiyo ubao mmoja ukiachia hakuna cha kumzuia mtu. Hampden watazamaji walisimamishwa juu ya tuta la udongo, ngazi kwa ngazi, kuzunguka uwanja kama bakuli. Udongo hauvunjiki, tena ni rahisi kuuongezea kimo. Ulifunguliwa 31 Oktoba 1903, Queen's Park wakaifunga Celtic 1-0.

Tangu hapo mashine ikaanza kuzunguka. Timu ya taifa na fainali za kombe zilihitaji uwanja mkubwa, na mwenye uwanja alipata fungu lake la viingilio. Wiki moja baada ya ile mechi ya 1937, fainali ya Celtic na Aberdeen iliingiza zaidi ya watu 146,000. Fainali ya Kombe la Ulaya ya 1960, Real Madrid 7 Eintracht Frankfurt 3, iliingiza zaidi ya 127,000. Timu ya ridhaa yenyewe ilicheza ligi mbele ya watu mia kadhaa kwenye bakuli hilohilo. Mara ya mwisho kuonekana daraja la juu ilikuwa msimu wa 1957/58, na ni katika klabu hiyo alipoanzia kijana Alex Ferguson, kocha wa baadaye wa Manchester United, mwaka uleule wa 1958.

Tuta nalo lina ubaya wake. Linachakaa, na mtu aliyesimama katikati ya umati hana njia ya kutokea. Sheria za usalama zilipokazwa Uingereza miaka ya 1970, idadi iliyoruhusiwa Hampden ilishushwa hadi 81,000, kisha viti vikachukua nafasi ya kusimama, na leo ni karibu 52,000. Ukarabati uliomalizika 1999 uliacha madeni makubwa. Chama cha soka kikachukua uendeshaji kwa mkataba wa miaka 20.

Upande wa wachezaji kulikuwa na tundu kubwa zaidi. Mchezaji wa ridhaa hafungwi na mkataba wa ajira. Msimu ukiisha anaondoka, na klabu haina cha kumuuzia mtu. Andrew Robertson alicheza hapo msimu wa 2012/13 bila mshahara, akaenda Dundee United, na mwaka 2019 akabeba kombe la Ulaya na Liverpool. Klabu ya kulipwa ingejenga jukwaa kwa mauzo ya kijana kama huyo.

Novemba 2019 wanachama walipiga kura na wengi mno wakakubali kuacha ridhaa baada ya miaka 152. Agosti 2020 Hampden ukaenda kwa chama cha soka kwa pauni milioni 5. Siku hizi Queen's Park ikitaka kucheza humo, inaingia kama mpangaji. Februari 2025 ilikwenda Ibrox ikaitoa Rangers kwenye Kombe la Uskoti, 1-0, kwa kikosi cha kulipwa.