Onyesho Lisilo na Kioo: Utamaduni wa Watu Wenye Ulemavu Katika Makumbusho

Miaka kadhaa iliyopita, katika onyesho moja nililoshiriki kuliandaa hapa Arusha, alikuja mwalimu mstaafu asiyeona kutoka Moshi. Nilimwamkia, nikamwongoza hadi kwenye maelezo ya nukta nundu tuliyokuwa tumeyabandika ukutani. Akapitisha vidole mara mbili, akatulia.

"Mwanangu, haya maandishi mmeyageuza juu chini. Na hata yangekuwa sawa, yanaeleza majengo tu. Sisi tuko wapi humu?"

Kosa la kwanza tulilisahihisha siku hiyohiyo. La pili ndilo linaloniandikisha leo.

Wengi tukisikia makumbusho na ulemavu, tunawaza njia ya mteremko mlangoni. Hiyo ni haki ya msingi, tena ina kipimo: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji angalau sentimita 12 za urefu, la sivyo mwenye kitimwendo hapandi bila kusukumwa. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unakwenda mbali zaidi. Ibara ya 30 inataka utambulisho wao wa kiutamaduni na kilugha utambuliwe na kuungwa mkono, zikiwemo lugha za alama na utamaduni wa viziwi.

Utamaduni huo unashikika. Chukua kibao cha kuandikia nukta nundu. Karatasi inabanwa kibaoni, mwandishi anadidimiza nukta moja moja kwa kisindano, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu vinundu hutokeza upande wa pili. Akigeuza karatasi, anasoma kushoto kwenda kulia. Mfumo huu wa nukta sita ulibuniwa na Louis Braille, Mfaransa asiyeona, mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Mkalishe mgeni anayeona mbele ya kibao hicho aandike jina lake, ataondoka na heshima ambayo bango haliwezi kumpa. Pembeni weka mashine ya Perkins ya kuchapia nukta nundu, ile yenye kengele inayolia mstari unapokaribia kwisha. Aliyesomea mashine hiyo akiisikia, darasa lake lote linamrudia.

Viziwi nao wana majina ya alama, ambayo mtu hupewa na viziwi wenzake, mara nyingi kutokana na sura au tabia yake. Kiziwi akisimulia kwa video jinsi alivyopata jina lake, huku maelezo ya maandishi yakipita chini, hilo tayari ni onyesho. Ngoma ipigwe juu ya jukwaa la mbao, wageni wavue viatu, mdundo uwapande miguuni.

Sipendi zoezi la kumfunga mgeni kitambaa machoni dakika tano. Linamfundisha woga na huruma tu. Maonyesho ya gizani yaliyoanza Frankfurt mwaka 1988 yana tofauti kubwa: humo wageni huongozwa na wasioona wenyewe, walio wenyeji wa giza hilo. Ila giza hilohilo linamnyamazisha kiziwi, maana mikono haionekani. Taa kali nazo zinawaumiza macho watu wengi wenye ualbino. Chumba kimoja hakiwezi kumfaa kila mtu kwa wakati uleule, kwa hiyo weka taa za kupunguzwa na kuongezwa, na kona tulivu kwa wenye usonji.

Kwa hiyo, kabla fundi hajapima ukuta, kaeni na CHAVITA, chama cha viziwi, na TLB, chama cha wasioona. Muwalipe kwa utaalamu wao kama mnavyomlipa mchoraji wa ramani. Mkalimani wa lugha ya alama awepo tangu kikao cha kwanza, asiitwe siku ya mgeni rasmi.

Mwalimu yule nilimfuata Moshi baadaye, nikamuuliza angependa tuonyeshe nini. Aliingia ndani akatoka na kibao chake cha tangu shuleni, kingo zimelainika kwa vidole. Tumekiweka juu ya meza ambayo magoti ya mwenye kitimwendo yanapita chini yake. Hakina kioo.