Maana ya ANOVA: Kwa Nini Wastani Peke Yake Hautoshi

Tuchukue mfano wa mkulima wa Njoro, Kaunti ya Nakuru, aliyegawa shamba la mahindi katika vipande 12, kisha akavipigia kura ili vinne visitiwe mbolea, vinne vitiwe samadi na vinne vitiwe DAP, mbolea ya kiwandani. Vipande visivyo na mbolea vimempa magunia 9, 12, 11 na 12 kwa ekari. Vya samadi 13, 17, 14 na 16. Vya DAP 16, 18, 15 na 19. Wastani ni 11, 15 na 17.

Je, tofauti hiyo imeletwa na mbolea, au ni hali ya kawaida ya udongo na maji? Vitazame vipande vya samadi: kimoja kimetoa 13 na kingine 17, ilhali vyote vilitunzwa sawasawa.

ANOVA, yaani uchanganuzi wa varianisi, hujibu swali hilo kwa kupima mtawanyiko wa aina mbili: ule ulio baina ya wastani za makundi, na ule ulio ndani ya kila kundi. Wa kwanza hugawanywa kwa wa pili. Hapa ni 37.33 kwa 2.89, na jibu ni F ya 12.92, herufi inayomkumbuka Ronald Fisher, aliyeikuza njia hii katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919. Thamani ya p ni takriban 0.002: kama mbolea zisingekuwa na athari yoyote, F kubwa kiasi hiki ingetokea mara 2 hivi katika majaribio 1,000.

Katika R, programu ya kompyuta ya takwimu, hesabu hii hufanywa kwa amri ya aov, na hapo ndipo penye mtego unaonisikitisha zaidi, kwa kuwa huharibu kazi ya msimu mzima bila mtu kujua. Makundi yakiandikwa 1, 2 na 3, programu huyachukua kuwa kiasi, kana kwamba DAP ni samadi mara moja na nusu, na hailalamiki. Tazama safu ya digrii za uhuru (Df), ambazo hapa ni idadi ya makundi ukitoa moja: makundi matatu yanapaswa kuonyesha 2. Ukiona 1, geuza safu ya makundi katika data yako kwa amri ya factor, ili namba zisomwe kama majina, kisha urudie.

Hata hivyo, F haitaji kundi lililo tofauti. Hilo huonyeshwa na jaribio la Tukey, linalolinganisha makundi mawili mawili, ambalo kwa data hizi hudai pengo la magunia 3.4 hivi kati ya wastani mbili. Samadi na DAP zote zimevuka pengo hilo dhidi ya vipande visivyo na mbolea, lakini kati yao wenyewe kuna magunia 2 tu, kwa hiyo mkulima huyu hawezi bado kusema kwamba DAP imeishinda samadi.