Sherehe nyumbani bila lundo la taka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Vikombe vya karatasi havina madhara kwa mazingira.
Kingekuwa karatasi tupu, kikombe kingelowa kabla hujamaliza chai. Kinachozuia kisivuje ni utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa ndani, nao ndio unaofanya kisioze vizuri na kiwe kigumu kurejelezwa. Hapa Dar es Salaam, vikikusanywa huishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Visipokusanywa huziba mitaro, na masika yakija maji huingia barazani.

Dhana: Kukodi vyombo ni gharama, na kuosha ni mateso.
Piga hesabu kwanza. Sahani ya kutupa unainunua upya kila sherehe, na kwa kuwa hulegea ikibeba pilau na mchuzi, wageni huchukua mbili mbili. Kwa watu 40 kodi sahani 50 za melamini, maana watoto hurudia na wapo watakaochelewa. Zihesabu mbele ya mwenye vyombo unapopokea na unaporudisha, kwa sababu inayopotea utailipia. Ukipakua kwenye masinia, sinia moja kwa watu 4 au 5, hesabu hiyo hupungua sana.

Kuosha kunakwama watu wanapoanza na maji baridi: mafuta ya pilau huganda. Kwangua mabaki, kisha tumia mabeseni matatu, la kwanza maji ya moto na sabuni, mawili ya kusuuzia. Badilisha maji ya kwanza yakianza kuwa na mafuta juu. Anika kwenye chanja. Kitambaa kimoja kinachofuta sahani zote husambaza uchafu.

Dhana: Bila maji ya chupa ndogo wageni watakosa maji.
Wageni 40 kwa chupa 3 za nusu lita ni chupa 120, yaani lita 60. Madumu matatu ya lita 20 yanatoa kiasi hichohicho. Weka ndoo safi yenye bomba, na kila mgeni aandikiwe jina kwenye glasi yake. Juisi ya ukwaju au rozela ihifadhiwe kwenye ndoo ya pili.

Dhana: Pika kingi, kitakachobaki kitapashwa kesho.
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na afya pia. Kilo 1 ya mchele kwa pilau ya nyama hutosha watu 8. Wageni 40, kilo 5. Wali ukikaa kwenye joto, bakteria wa *Bacillus cereus* huweza kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kilichobaki kitandaze kwenye vyombo vipana kipoe haraka, kiingie frijini ndani ya saa 2, au saa 1 kama kuna joto kali.

Dhana: Sherehe bila maputo na jenereta haipendezi.
Kanga, mikeka ya ukindu na majani ya mnazi hupamba vizuri, na kanga zitavaliwa tena. Jua la Dar huzama baada ya saa 12 jioni mwaka mzima. Pakua saa 9 alasiri, na vyombo vitakuwa vimeoshwa kabla ya giza, bila kuhitaji jenereta.