Je, wajua kwa nini Marekani ilibadili namna ya kupima mazoezi ya watoto shuleni?

Mwaka 1955 Rais Dwight Eisenhower aliletewa takwimu zilizomshtua. Daktari Hans Kraus na mwalimu wa mazoezi Bonnie Prudden walikuwa wamewapima watoto kwa majaribio sita mepesi, mojawapo kuinama na kugusa sakafu bila kukunja magoti. Asilimia 57.9 ya Wamarekani walishindwa walau jaribio moja. Ulaya walioshindwa walikuwa asilimia 8.7 tu.

Zilikuwa enzi za Vita Baridi, na wakubwa waliona mtoto legevu leo ndiye askari legevu kesho. Mwaka 1956 Eisenhower akaunda baraza la kushughulikia jambo hilo. Lakini hapa pana jambo la kushangaza. Kraus alikuwa tabibu wa maumivu ya mgongo. Alichotaka kujua ni kama misuli ya mtoto inatosha kumbeba. Majaribio yaliyoenea shuleni baada ya hapo yalipima kingine kabisa: mbio fupi, kuruka mbali, kutupa mpira wa softboli. Hivyo ni vipimo vya mwanariadha.

Tuzo ya rais ilipoanzishwa mwaka 1966, aliyeitaka alipaswa kuwa miongoni mwa 15 bora kati ya kila 100 wa rika lake, tena katika kila jaribio. Mfikirie mtoto mnene aliyening'inia kwenye bomba, mikono inatetemeka, kidevu hakifiki juu, darasa zima linatazama. Yeye ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote, na yeye ndiye aliyefundishwa kuyachukia. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa la kielimu.

Wataalamu walikuja kuliona. Mwaka 1982 Taasisi ya Cooper ya Dallas ilianzisha FitnessGram, ripoti ya mazoezi ya kupelekewa mzazi, na baadaye ikaweka viwango vya afya. Watoto hukimbia mita 20 kwenda na kurudi wakifuata mlio, na mwendo huongezeka kila dakika. Swali likawa moja: je, moyo na mapafu yako vimefikia kiwango cha kukulinda na maradhi? Darasa zima laweza kufaulu siku moja. Jaribio la zamani, lile la tuzo ya rais, lilisitishwa, na mwaka 2013 mpango wa namna hii ukachukua nafasi yake.

Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kulirudisha jaribio la rais pamoja na tuzo yake.