Tana Yenye Theluji

Jumatatu asubuhi mwanagenzi wetu, akitafuta ule mto wetu wa Kenya unaopita Garissa, aliandika "Tana" kwenye kisanduku cha kutafutia cha programu ya ramani, akabonyeza, halafu akanyamaza. Nilipomwona amekodoa macho hivyo nikasogea. Skrini nzima ilikuwa nyeupe.

"Mwalimu," akasema, "Garissa kumeanguka theluji."

Programu haikuwa na kosa. Ilimpeleka Tana kama alivyoomba, ila Tana ya kaskazini kabisa mwa Ulaya, mto ambao kwa sehemu kubwa ya safari yake ndio mpaka wa Norwei na Ufini, kisha unaingia Bahari ya Barents. Wafini wanauita Teno. Wasami, ambao ndio wenyeji wa huko, wanauita Deatnu, maana yake mto mkubwa. Wanorwei wamelitamka jina hilo la Kisami kwa ulimi wao mpaka likawa Tana, na ndivyo likaja kugongana na letu bila kujuana. Mkubwa kwao, lakini: hata kilomita 400 haufiki. Wa kwetu una kama 1,000, kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hadi baharini Kipini, na huko juu milimani watu hata hawauiti Tana. Ni Sagana, au Thagana kwa Wakikuyu.

Mimi kazi yangu ni ramani na takwimu za mito, mwaka wa kumi na sita sasa, ofisi yetu iko Upper Hill, Nairobi, mahali ambapo mto wa karibu zaidi ni bomba lililopasuka. Kwa hiyo badala ya kumrudisha kijana Garissa, nilimwacha atembee Norwei kidogo. Tukasoma habari za samoni. Mwaka 1928 mtu alinasa kwenye mto ule samoni wa kilo 36 hivi kwa ndoano, na mpaka leo anatajwa kuwa mkubwa kuliko wote wa aina yake waliowahi kuvuliwa hivyo. Mwaka 2021 uvuvi wa samoni pale ukapigwa marufuku kwa sababu samaki wamepungua mno. Tana yetu haina samoni. Ina mamba na viboko, na uvuvi wake hauhitaji marufuku ya serikali ili mtu afikirie mara mbili.

Na si Tana peke yake. Mto Umba unatoka milima ya Usambara, Tanzania, unavuka mpaka na kuingia baharini upande wetu karibu na Vanga. Wanaouza vito wanalijua bonde la Umba kwa yakuti zake za rangi rangi. Sasa andika Umba kwenye ramani ya dunia: utapata mwingine kwenye rasi ya Kola, Urusi, unamwagika Bahari Nyeupe, nao ni wa samoni. Mito miwili ya huku, pacha wawili wa kule kwenye barafu. Wapenda njama wangeshapata kitabu hapo. Ukweli ni kwamba lugha za dunia ni nyingi, na majina mafupi ya silabi mbili hayaishi kugongana. Ni bahati tu, basi.

Inayonisumbua mimi ni ile migongano isiyo ya bahati.

Nilipokuwa mwaka wa pili kazini nilipewa faili za mtiririko wa maji ya Ewaso Ng'iro, nitengeneze grafu ya kwenda nayo kwenye mkutano Archers Post. Ulikuwa wakati wa ukame. Faili zilikuwa na safu ya namba za vituo vya kupimia maji, na mimi, kijana nadhifu, nikaifuta ile safu kwa sababu ilikuwa inachafua jedwali. Nikabaki na jina tu: E. Ngiro. Grafu ikatoka nzuri, mto una maji ya kutosha, mstari umetulia. Nikaibandika ubaoni chini ya mti mbele ya wazee wa Kisamburu, nikaanza kueleza.

Mzee mmoja akainua fimbo.

"Kijana wangu, umekuja kwa njia gani?"

"Ya Isiolo, mzee."

"Basi umepita darajani."

"Nimepita."

"Ukaona nini chini?"

Nilikuwa nimeona, si kwamba sikuona. Mchanga ukingo hadi ukingo, na akina mama wamechimba mashimo kifuani mwa mto wanachota kwa kikombe, kikombe kimoja kimoja, kumimina kwenye mtungi wa plastiki wa njano. Nilikuwa nimewatazama kupitia dirisha la gari huku grafu yenye maji tele imelala mapajani mwangu, na akili haikuunganisha.

Ewaso Ng'iro ni mito miwili. Wa Kaskazini unakusanya maji ya Nyandarua na Mlima Kenya, unapita Laikipia, Samburu na Isiolo, na kufia kwenye kinamasi cha Lorian. Mvua ikizidi sana ndipo maji husonga mbele kuelekea Somalia kwa njia ya Lagh Dera. Wa Kusini unatoka Mau, unapita nchi ya Narok na kuishia Ziwa Natron, Tanzania, kwenye magadi ambako heroe wadogo huenda kutaga. Mimi niliwapelekea watu wa Archers Post maji ya Narok.

Jina hilo halikunakiliwa kutoka mto mmoja kwenda mwingine. Kimaa, ewaso ni mto, na ng'iro ni ile rangi ya kahawia ya maji yenye udongo. Msamburu aliuona wa kwake ukishuka na tope akauita mto wa kahawia. Mmaasai kule Narok akaona lile lile, na lugha ni ile ile. Kila mmoja alikuwa anaeleza anachokiona. Sisi wa ofisini ndio tuliochukua maelezo tukayaandika kwa herufi kubwa, tukadhani ni jina la mtu.

Halafu kuna mchezo mwingine humo humo. Narok ni -eusi. Ewaso Ng'iro Kaskazini unapokea mto uitwao Ewaso Narok, mto mweusi, ule unaoanguka kwenye maporomoko ya Nyahururu. Na mji wa Narok umepitiwa na Enkare Narok, maji meusi, ambao nao maji yake huishia Ewaso Ng'iro Kusini. Kahawia na mweusi kaskazini, kahawia na mweusi kusini. Mpe mgeni kazi ya kuchora hiyo bila kumwonya uone.

Enkare ni maji, na hapo ndipo tulipo sisi. Enkare Nairobi, maji baridi. Kwa hiyo ukisema Mto Nairobi umesema mto baridi, na ukisimama pale daraja la Gikomba ukautazama leo utasema Wamaasai walikuwa na mto mwingine. (Maji ya bomba unayokunywa mjini, kwa taarifa yako, kwa sehemu kubwa si ya bonde hili kabisa. Yanaletwa kutoka mito ya bonde la Tana. Nairobi inakunywa Tana na kumwaga uchafu Athi.)

Nilipoanza kusoma ramani za nchi nyingine nikakuta Wamaasai hawako peke yao. Wahispania walikwenda Amerika na neno moja, colorado, yaani -enye wekundu, wakalimwaga kila walipoona maji yenye udongo. Upo Colorado ule maarufu, wa kilomita 2,330 hivi, uliochonga korongo kuu la Arizona. Upo Colorado wa Texas, unaopita katikati ya mji wa Austin, usiofika kabisa jimbo la Colorado wala kukutana na mwenzake. Upo Colorado wa Argentina, kaskazini mwa Patagonia. Kwa Kiingereza kuna Red River, na huo pia upo zaidi ya mmoja hapo hapo Marekani, mmoja kati ya Texas na Oklahoma na mwingine unaopanda kaskazini hadi Kanada. Vietnam nao wana wao, Mto Mwekundu wa Hanoi. Udongo ukimomonyoka, lugha zote zina neno.

Ukubwa ndio kabisa. Rio Grande ni mto mkubwa: upo mpakani mwa Marekani na Meksiko, upo Brazil, upo Bolivia, upo Jamaika. Wameksiko wenyewe ule wa mpakani hawauiti hivyo, kwao ni Río Bravo. Mississippi ni mto mkubwa kwa Kiojibwe. Ninaoupenda zaidi ni Guadalquivir, unaopita Sevilla nchini Uhispania. Ukisikia jina hilo kwa Kihispania utadhani ni la mtakatifu fulani. Litamke polepole ukiwa na Kiarabu kidogo cha madrasa: al-wadi al-kabir. Mto mkubwa, tena. Wasami na Deatnu yao wangecheka.

Wengine hata sifa hawakuongeza. Uingereza ina Avon kadhaa. Uko wa Bristol, uko unaopita Stratford, uko wa Hampshire, na Uskoti ina yake. Neno linatokana na lugha za Kikelti za kale, na Wales mpaka leo mto ni afon. Waliokuja baadaye wakaongeza River mbele, wakawa wanasema Mto Mto bila habari. Tusiwacheke sana. Dar es Salaam kuna Mtoni, Unguja kuna Mtoni yenye magofu ya jumba la Sayyid Said, na hakuna mtu wa mojawapo anayeona haja ya kueleza mto gani. Sisi wenyewe tunaandika kwenye ripoti "Mto Ewaso Ng'iro", mto mto wa kahawia, na mhariri anapitisha.

Ile ya majina kubebwa kwenye masanduku ya walowezi nitaipitia haraka kwa sababu haina fumbo. Mwaka 1793 luteni gavana John Graves Simcoe aliukuta mto kusini mwa Ontario, Kanada, akauita Thames, na mji uliokuja kujengwa kandokando yake ukaitwa, bila shaka, London. Connecticut, Marekani, nako kuna Thames na New London mdomoni mwake, ila wao hulitamka jina kama lilivyoandikwa, jambo ambalo Mswahili atawaunga mkono. Nahodha James Cook aliutwika jina hilo mto wa New Zealand mwaka 1769. Mto wenyewe umerudi kuwa Waihou, mji wa Thames umebaki. Christchurch wana Avon, iliyotolewa Uskoti, na siku hizi jina la Kimaori, Ōtākaro, linaandikwa pamoja nalo. Huku kwetu wakoloni walipenda zaidi kubandika majina yao kwenye maziwa na maporomoko.

Sisi tuna ugonjwa wa kinyume pia, mto mmoja majina matatu. Maji ya Gikomba yanaingia Athi. Athi ukishakutana na Tsavo unaitwa Galana. Galana ukikaribia bahari kaskazini mwa Malindi ni Sabaki. Ukiandika "Sabaki" kwenye faili la vipimo vya juu, hupati kitu, na maji ni yale yale.

Haya yote nilimweleza kijana huyo hadi chai ya saa nne ikapoa. Nikamwonyesha namba za vituo, zile nilizozifuta mimi enzi hizo. Kila kituo cha kupimia maji nchini kina namba, na tarakimu ya kwanza ni ya bonde: 1 Ziwa Victoria, 2 Bonde la Ufa, 3 Athi, 4 Tana, 5 Ewaso Ng'iro Kaskazini. Faili langu la aibu lilianza na 2. Archers Post ni 5. Nikamwambia, mtu akikupigia na jina la mto, usihangaike na jina. Muulize unamwagika wapi. Wa Natron au wa Lorian, hapo huwezi kupotea. Hata Tanzania, wakikutajia Ruvu, uliza: unaoingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwa Pangani, au ule unaonywewa Dar?

Alhamisi simu ikalia mezani kwake. Mteja anataka vipimo vya Mto Chania. Nikamwona anakaa vizuri, anashika kalamu, anauliza kwa sauti ya mtu anayejua kazi:

"Chania unaomwagika wapi?"

Akasikiliza, akaandika, akaziba simu kwa kiganja na kunigeukia akitabasamu.

"Tana, mwalimu."

Kuna Chania wa Nyeri na kuna Chania wa Thika, na yote miwili maji yake huishia Tana, na namba za yote miwili zinaanza na 4.

"Muulize," nikamwambia, "akisimama darajani yuko Nyeri au yuko Thika."