Mwanga wa bomu la nyuklia na macho: maswali na majibu

Mwanga huo unadhuruje macho?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni upofu wa muda: retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inazidiwa na mwanga na mtu haoni kitu. Mchana hali hiyo hupita baada ya dakika chache, usiku hukawia zaidi. Ya pili ni retina kuungua, na kovu lake halifutiki. Likiwa katikati, pale tunapotumia kusomea, mtu hubaki na doa jeusi kila anapokaza macho.

Nikiwa mbali sana je?

Hapa wengi hukosea. Ngozi hupata nafuu ukiwa mbali, lakini jicho lina lenzi, nayo hukusanya mwanga kama kioo cha kukuzia kinavyokusanya jua mpaka karatasi ikashika moto. Kadiri unavyosogea mbali, picha ya moto kwenye retina hupungua ukubwa, ila ukali wake hupunguzwa na hewa tu. Mwaka 1958 Marekani ililipua bomu la Teak juu angani, usiku, karibu na kisiwa cha Johnston katika Pasifiki. Sungura waliowekwa mamia ya kilomita kutoka hapo waliungua retina.

Si kope zitafumba zenyewe?

Zitafumba, lakini zimechelewa. Kope huhitaji kama robo ya sekunde, na bomu linalolipuka juu sana huwa limeshatoa sehemu kubwa ya mwanga wake.

Kinga zilijaribiwaje?

Julai 1945, kwenye mlipuko wa kwanza wa nyuklia kule New Mexico, Marekani, watazamaji walipewa vioo vya kuchomelea vyuma. Mwaka 1952, Nevada, watu 12 waliwekwa ndani ya trela lenye giza, kilomita 16 hivi kutoka kwenye mlipuko. Nusu walivaa miwani ya kinga, nusu hawakuvaa, kisha kidirisha kikafunguliwa mbele ya jicho la kushoto. Wawili waliungua retina, jaribio likasimamishwa. Naona uchungu kila nikikumbuka kwamba macho ya watu yalifanywa kipimo.

Marubani wa mabomu nao walifunika jicho moja kwa kitambaa, ili likipofuka la wazi wabaki na jingine la kurushia ndege. Baadaye ikaja miwani ya kauri inayotumia umeme, iliyotengenezwa na Sandia, maabara ya Marekani ya utafiti wa silaha za nyuklia, ambayo hujitia giza kabla kope hazijasogea. Maabara hupima mambo mawili: inageuka giza upesi kiasi gani, na ikishageuka inapitisha mwanga kiasi gani.

Miwani ya jua ya dukani inatosha?

Haitoshi, wala kwa kutazama jua lenyewe. Kupatwa kwa jua kulikoonekana Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kulikuwa na hatari ya aina hiyohiyo: retina huungua bila maumivu, mtu hagundui papo hapo.

Mtu akipigwa na mwanga mkali afanye nini?

Asiutazame tena. Akae chini, asiendeshe chombo. Doa likibaki, aende kwa daktari wa macho. Hakuna dawa ya matone inayoponya retina iliyoungua.